Amplifaya na Sikio la Mtafiti

Imeenea kasumba miongoni mwa baadhi ya wasomi kwamba hedifoni bora haifai kitu pasipo amplifaya ya bei kubwa. Imani hiyo ni upotofu, tena upotofu wenye gharama.

Hedifoni ya omu 32 huridhika na nguvu ndogo. Ile ya omu 300 hudai volti zaidi, lakini hata hiyo hupata haki yake kwa amplifaya ndogo ya bei nafuu, maadamu chombo hakivumi, na ukinzani wa tundu lake la kutolea sauti hauzidi thumni ya ukinzani wa hedifoni. Kuzidisha nguvu maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 tu. Basi mnunuzi hulipia sana asichokisikia.

Na aende mtafiti katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, akarekodi Kindengereko, lugha ambayo Eva-Marie Ström aliiandikia tasnifu mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Gothenburg. Upepo wa mikokoni ukifunika sauti ya mzee, hakuna amplifaya duniani iwezayo kulirudisha neno lililopotea. Chombo kidogo cha betri kingemwonya papo hapo, mzee angali ameketi. Kile kizito cha umeme wa ukutani kinamngoja mjini, baada ya hasara.

Tofauti ya bei ni nauli ya mashua kutoka Nyamisati, na siku za kukaa na wazee. Penye miti hapana wajenzi: delta ina mikoko tele na maneno tele, lakini wazee hawangoji mtu amalize kuchagua mitambo.