Swali la kwanza lisiwe "umeletwa na nani?"

Ukitafuta kazi Mwanza utaulizwa mengi, lakini swali lenye uzito ni moja: umeletwa na nani? Ukiwa na jibu, vyeti vyako vitasomwa. Usipokuwa nalo, bahasha yako italala kwenye droo. Wenyewe tunaita kujuana, kimemo, kuwa na mtu ndani, na tumezoea kiasi kwamba mhitimu akishuka kutoka chuoni Malimbe na shahada yake, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani ni "tafuta mtu". Ushauri huo unaua vipaji, nao waajiri ndio wanaoulea.

Tuanze getini. Kwenye viwanda vya minofu ya sangara, vibarua husubiri nje tangu alfajiri, kwa sababu idadi ya wanaohitajika hutegemea samaki walioingia. Msimamizi anatoka, anaangaza macho, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa nyuma. Hakuna orodha wala zamu. Pasipo utaratibu, anayechukuliwa kirahisi ni anayejulikana, aliyetoka kijiji kimoja na msimamizi, au aliyekubali kumkatia chochote jioni. Mwanamke anaweza kudaiwa kikubwa zaidi ya hicho. Kumtaka mtu kingono ili umpe kazi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Daftari la majina yanayozunguka kwa zamu lingemaliza sehemu kubwa ya balaa hili, na daftari halina gharama.

Serikalini nako hali haikuwa salama. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 tu za Uhamiaji. Mwaka huohuo ajira mpya za idara hiyo zilisimamishwa kwa tuhuma za kupeana kindugu. Leo Sekretarieti ya Ajira inapokea maombi kwa mtandao na kusaili kwa maandishi, jambo tunaloliunga mkono. Sekta binafsi ingeiga hilo.

Mwajiri ana hofu yake, nasi hatuibezi. Mwenye duka la vipuri ameibiwa mara mbili, hana pa kuuliza mwenendo wa mgeni, basi anamwita mtoto wa shemeji. Tatizo ni kwamba undugu haumzuii mtu kuiba, unamzuia bosi kumfukuza. Wadhamini wawili, simu kwa mwajiri wa zamani na kipindi cha majaribio ambacho sheria inakiruhusu vinamlinda vizuri kuliko ukwe.

Kisha kuna matangazo haya: "Anahitajika dada wa duka, miaka 18 hadi 25, mwenye mvuto, asiye na mtoto." Yanabandikwa milangoni, yanasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na hakuna anayeshtuka. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa umri, jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, pamoja na kabila, dini, ulemavu na maambukizi ya VVU. Mama wa miaka 40 aliyeuza dagaa Mwaloni Kirumba, anayekumbuka kichwani deni la kila mteja na siku aliyoahidi kulipa, hana nafasi kwenye tangazo hilo. Hasara ni ya mwenye duka.

Kabila tunaligusa kwa sauti ya chini. Tunajivunia kwamba Tanzania haina ukabila, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Hata hivyo utani wa kwamba Mhaya ataringa, Mkurya atagombana na wateja na Msukuma hana haraka hauishii kijiweni. Unaingia na msaili chumbani, jina la mwombaji linasomwa, hukumu inatoka. Marekani, watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma waajiri wa Boston na Chicago wasifu karibu 5,000 wa kubuni wenye sifa za kulingana, wakabadilisha majina tu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, majina yanayosikika ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale ya Wamarekani weusi. Nasi tuna majina yanayotaja kwetu kabla hatujafungua mdomo.

Linalotuuma kuliko yote ni la watu wenye ualbino. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotikiswa na mauaji yao miaka ya 2007 na 2008. Tulikubaliana walindwe, kazi hatukuwapa. Kwao kazi ya kivulini ni uhai: ngozi yao haihimili jua, na saratani ya ngozi huwaua wengi wangali vijana. Ofisi inayomkataa kijana wa Ukerewe mwenye ualbino inamrudisha kulima na kuanika dagaa juani. Mara nyingi sababu inayotolewa ni macho, wakati kukuza herufi kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa. Kiwanda chenye watu 300 kinapaswa kuwa nao 9. Maofisa kazi wa mkoa wapite, wahesabu, na watuambie walichokuta.

Na wewe uliyekataliwa: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamlinda hata anayeomba kazi. Tunza tangazo, piga picha ujumbe, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Mwanza ndani ya siku 60. Ukionyesha dalili za msingi za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua.