Kiburi cha Mwanamfalme Heinel Kilimtisha Nani?

Mwezi Agosti 1979, serikali ya Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino iliamuru katuni ya Kijapani iitwayo Voltes V iondolewe kwenye televisheni. Watoto wa nchi nzima walikuwa wakiifuatilia, na vilikuwa vimebaki vipindi vichache tu hadithi ifike tamati. Sababu iliyotolewa ni kwamba katuni hiyo, pamoja na nyingine za maroboti makubwa, ilijaa ukatili na ingewaharibu watoto. Tangu hapo Wafilipino wengi wameshikilia sababu nyingine: kwamba utawala ulioiweka nchi chini ya sheria ya kijeshi tangu 1972 haukupenda watoto waone watumwa wakiangusha dola. Ubishi huo kuhusu nia ya Marcos hautakwisha leo, wala hoja yangu haiutegemei. Matokeo yanatosha. Mkasi wa serikali ulipita pale pale hadithi ilipokuwa inajiandaa kuuhukumu ukatili wake yenyewe, ukawaachia watoto adui mwenye majivuno bila kuwaambia majivuno yale yalitoka wapi wala yaliishia wapi. Naamini kosa hilo hufanywa popote watu wazima wanapozikagua hadithi za watoto kwa kuhesabu mapigano.

Voltes V ilitengenezwa na kampuni ya Toei chini ya mwongozaji Tadao Nagahama, na ikaonyeshwa Japani kuanzia Juni 1977 hadi Machi 1978, vipindi 40. Adui wake anatoka Boazan, sayari ambayo cheo cha mtu husomwa kichwani. Aliyezaliwa na pembe ni mwungwana. Asiye nazo ni mtwana, wa kutumikishwa maisha yake yote. Elimu haibadilishi hilo, wala ushujaa. Dola hiyo inaivamia Dunia, na jeshi la uvamizi anakabidhiwa Mwanamfalme Heinel, kijana mwenye sura nzuri, mwendo wa kijeshi na ulimi mkali, ambaye huko Ufilipino alijulikana kwa jina la Zardoz. Machoni pake binadamu wote ni watwana tu, kwa kuwa hawana pembe, na kushindwa nao vitani ni fedheha kuliko kifo. Upande wa pili wamo vijana watano wanaoendesha vyombo vitano vinavyoungana kuwa roboti moja. Watatu kati yao, Kenichi, Daijiro na Hiyoshi, ni ndugu wa familia ya Go, na baba yao, mwanasayansi aliyeshiriki kuibuni roboti hiyo, ametoweka.

Kwa mtazamaji wa juu juu, Heinel ni adui wa kawaida. Tangu Mazinger Z ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1972, karibu kila katuni ya aina hii ilikuwa na mkubwa fulani wa kujigamba, anayetuma dude jipya kila wiki, linavunjwavunjwa, naye anaapa kulipiza. Majivuno katika hadithi za namna hiyo ni njia rahisi ya kumfanya mtoto amchukie adui na afurahie anguko lake. Mpanda ngazi hushuka, wahenga wameshasema, na mtoto hulala akiwa ameridhika. Funzo hilo ni la kweli, lakini ni fupi. Linamlaumu aliyepanda na kuisahau ngazi. Halisemi nani aliyeiegemeza, kwa nini wengine wamekatazwa kuikanyaga, wala kwa nini akishuka huyu atapanda mwingine mwenye majivuno yale yale. Kinachomtofautisha Heinel ni kwamba waandishi wake waliitazama ngazi yenyewe, na waliitazama kupitia yeye.

Taarifa muhimu hutolewa kidogo kidogo, na nyingi huja katika nusu ya pili. Hapo zamani Boazan ilikuwa na mwanamfalme aitwaye La Gour, msomi aliyeshika wadhifa mkubwa na aliyetarajiwa kurithi kiti. Alizaliwa bila pembe. Ili siri isitoke alivishwa pembe za bandia, na kwa miaka mingi waungwana walimwinamia bila kuona tofauti yoyote kati ya pembe zake na zao. Mpinzani wake, Zambajil, alipoifichua siri hiyo mbele ya watu, kila kitu kiligeuka kwa siku moja. Akili ya La Gour haikuwa imepungua, utumishi wake haukuwa umefutika, ila kichwa chake kilikuwa kitupu. Akapelekwa utumwani, na Zambajil akawa kaisari. Mkewe, aliyekuwa na mimba, alifariki akijifungua mtoto wa kiume mwenye pembe. Mtoto huyo ndiye Heinel. La Gour baadaye alitoroka, akafika Duniani, akaoa tena na kupata watoto watatu. Profesa Go, baba yao Kenichi, ndiye La Gour.

Ukishajua hayo, majivuno ya Heinel yanasomeka upya. Huyu ni kijana aliyelelewa katika dola inayomwita mwana wa msaliti. Pembe zake ni za kweli, lakini jina la baba yake ni doa, na kaisari anayemtuma vitani angefurahi kama asingerudi. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuwa mwungwana wa kawaida. Lazima awe mwungwana kuwazidi waungwana, awadharau watwana kwa sauti kubwa kuliko wenzake, aitumikie dola kwa bidii ambayo wenye uhakika na vyeo vyao hawana haja nayo. Kiburi chake ni kodi anayoilipa kila siku ili asihesabiwe upande wa baba yake. Zambajil, ambaye ngazi ile ilimfaa, hana hata haja ya kuiamini, anaitumia tu. Anayeiamini kwa dhati ni yule iliyemuumiza. Hii ni elimu ya siasa ambayo vitabu vingi vya watu wazima huizunguka bila kuigusa: mfumo wa kibaguzi hupata watetezi wake wakali kabisa miongoni mwa wale wanaoogopa kushushwa daraja.

Vipindi vya mwisho, ambavyo watoto wa Ufilipino walinyimwa, ndivyo vinavyoifikisha hoja hiyo mwisho. Vita vinahamia Boazan kwenyewe. Watwana wanainuka, wakiongozwa na La Gour, na dola inaanza kubomoka kutoka ndani. Heinel na Kenichi wanakutana uso kwa uso wakiwa na panga, bila roboti wala majeshi kati yao, na hapo Heinel anatambua kwamba anayepigana naye ni ndugu yake, na kwamba yule aliyemwita msaliti maisha yake yote ni baba aliyeonewa. Wakati huo huo kaisari aliyemtumikia anatafuta pa kukimbilia kuokoa roho yake. Mkono wa Heinel unamgeukia Zambajil, kisha yeye mwenyewe anaangamia katika moto wa ufalme unaoporomoka. Hapati kiti wala sherehe ya msamaha. Anachopata ni kujua kwamba heshima aliyoililia ilikuwa mikononi mwa mtu asiye na heshima yoyote, na anajua hivyo wakati hakuna tena cha kutengeneza.

Sasa irudishe amri ya 1979 kando ya hayo. Hoja kwamba watoto walindwe dhidi ya ukatili kwenye televisheni si ya kupuuzwa. Voltes V ina mapigano kila kipindi, miji inaungua, watu wanakufa, na mama yao Kenichi mwenyewe anajitoa mhanga mapema katika hadithi. Wazazi waliolalamika hawakuwa wajinga. Lakini kama tatizo lilikuwa ukatili, basi karibu wote ulikuwa umekwisha kuonyeshwa. Mtoto aliyeanza na kipindi cha kwanza alikuwa ameshaona madude kwa makumi yakikatwa na upanga wa roboti. Kilichobaki ni maana yake: kwamba vita vyote vile vilizaliwa na alama ya kichwani ambayo hata waungwana wenyewe hawakuweza kuitofautisha na ya bandia. Mkaguzi aliyeruhusu kichapo na kuzuia hukumu alifanya kinyume cha kile alichosema anakifanya. Hata tukimkubalia kwamba nia yake ilikuwa safi, kipimo chake kilikuwa kibovu.

Wengine watasema nakisomea makuu kitu kidogo: hizi ni katuni zilizotengenezwa ili kuuza vifaa vya kuchezea. Ni kweli tupu. Roboti inayotengana vipande vitano inauzika dukani, na kampuni za vifaa vya kuchezea zilikuwa na usemi mkubwa katika katuni za aina hii. Ila duka lilihitaji roboti; halikuhitaji kisa cha pembe za bandia. Ndani ya nafasi hiyo Nagahama alifanya alichotaka, tena si mara moja. Katika Combattler V, iliyotangulia mwaka 1976, adui mwenye majivuno aitwaye Garuda anagundua kwamba hana ukoo wala damu ya kujivunia: yeye ni mashine iliyotengenezwa, na kabla yake walikuwapo Garuda wengine waliotupwa. Baada ya Voltes V alitengeneza Daimos, ambamo chuki ya Richter dhidi ya binadamu inatokana na uongo alioambiwa kuhusu kifo cha baba yake. Hizo ni katuni tatu mfululizo, na katika zote adui anayejigamba anagundua kwamba msingi wa majigambo yake ni wa kutungwa. Mwaka 1979 mwongozaji huyo huyo alikabidhiwa The Rose of Versailles, hadithi ya waungwana wa Ufaransa mkesha wa mapinduzi, ingawa hakuimaliza. Biashara ililipia kazi hizo, lakini swali lililojirudia ndani yake lilikuwa la Nagahama.

Pingamizi zito zaidi ni la damu. Heinel anabadilika pale anapojua kwamba Kenichi ni ndugu yake. Je, kama asingekuwa ndugu? Na je, La Gour, shujaa wa watwana, si naye mwanamfalme? Mtu anaweza kusema kwamba hadithi inayodai kupinga cheo cha kuzaliwa inaishia kutatuliwa na kuzaliwa. Nakiri kwamba huu ni udhaifu, na ni udhaifu wa kale wa hadithi za mapinduzi, ambazo mara nyingi humtafutia mnyonge kiongozi kutoka ikulu. Lakini udugu katika Voltes V haumpi mtu cheo. Unaivunja hesabu ya vyeo. Baba mmoja amezaa mwana mwenye pembe na wana wasio nazo, kwa hiyo pembe haziwezi kuwa ushahidi wa ubora wa mbegu. Wala si kwamba watengenezaji wa katuni hizi waliamini damu hulainisha kila moyo. Yoshiyuki Tomino, aliyechangia katika kazi za Nagahama, alitoa Mobile Suit Gundam mwezi Aprili 1979 ikiwa na mhusika Gihren Zabi, kiburi cha aina nyingine. Gihren anayageuza mazishi ya mdogo wake kuwa mkutano wa siasa. Baba yake anamfananisha na Hitler, naye haoni aibu. Baadaye anafyatua silaha inayomteketeza baba huyo huyo aliyekuwa amekwenda kutafuta amani, na dada yake anamuua kwa ajili hiyo. Kuwatazama wawili hao pamoja kunasaidia: Heinel ni kiburi ambacho bado kina mtu ndani yake, Gihren ni kiburi kilichokwisha kumla mwenyewe.

Lipo pia lalamiko kwamba kumpa dhalimu sura nzuri na kisa cha kuhuzunisha ni kumsafisha. Lingekuwa na uzito kama Voltes V ingesahau waliokufa kwa amri zake, lakini haisahau, na haimwachi aishi. Huruma ya hadithi kwa Heinel ni ya kuelewa, na kumwelewa dhalimu ni hasara kwa dhalimu. Dikteta hasumbuliwi na katuni inayomchora adui kama zimwi, kwa sababu hakuna anayejiona zimwi, na raia hawezi kulilinganisha zimwi na mkuu wa wilaya yake. Katuni ya kumsumbua ni ile inayomwonyesha mtoto kwamba mtu mwenye adabu, jasiri, mwenye mapenzi kwa nchi yake, anaweza kuutumikia uovu maisha yake yote kwa kuwa alifundishwa kutazama vichwa vya watu badala ya nyuso zao.

Marcos aliikimbia nchi Februari 1986. Voltes V ilirudi kwenye televisheni ya Ufilipino, mwisho wake ukaonekana, na mwaka 2023 kituo cha GMA kikaitengeneza upya kwa waigizaji halisi, Zardoz na pembe zake akiwa miongoni mwao. Waliokuwa watoto wakati wa amri ile walikuwa wameshakuwa wazazi, wengine wakiwa na wajukuu. Katuni iliyozuiwa ili wasiharibike ndiyo waliyoichagua kuwarithisha wanao, na nchi yao haijasambaratika kwa hilo. Bodi za ukaguzi zitaendelea kuwapo, na wazazi wana haki ya kuhoji kinachoonyeshwa sebuleni mwao. Basi na wahoji kwa haki. Anayetaka kuizuia hadithi kwa jina la watoto aitazame kwanza hadi mwisho wake, kisha asimame hadharani aseme ni kipande kipi hasa kilichomkera: pale mnyonge anapopigwa, au pale anapoacha kupigwa.