Una keja Hewani lakini kwa benki bei yake iko hewani? Shida ni picha ya jirani

Tuseme hivi. Umejenga Hewani, kaunti ya Tana River. Vyumba vitatu, mabati safi, na nyuma kuna miembe ya babu bado inazaa. Doo uliyoweka hapo ni jasho la miaka. Sasa unadai mkopo ufungue duka Garsen. Unaingia benki na picha kali za keja kwa simu. Unatoka mikono mitupu.

Wasee wengi hudhani wamenyimwa juu hawana connection. Zii. Mara nyingi shida hata si wewe, ni jirani.

Benki hupima aje?

Benki haiamini bei yako, wala ya fundi wako. Inataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na bili yake kawaida inakuangukia wewe. Jamaa anakuja, anapima, anapiga picha mbele, nyuma, ndani na njia ya kuingilia. Kisha anatafuta nyumba zingine kama yako, zilizouzwa juzi juzi, area hiyo hiyo. Hizo ndizo za kulinganisha. Yako ina vyumba vitatu, ile ina viwili? Anaongeza hapa, anatoa pale, bei inatoka.

Marekani wamekaza zaidi. Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hutaka ripoti ya kawaida iwe na picha ya mbele ya kila nyumba ya kulinganisha. Sababu ni rahisi: picha inaumbua uongo. Huwezi kusema keja yako ya mabati inafanana na ghorofa halafu picha ikunyamazie.

Sasa Hewani picha itapigwa wapi?

Jiulize, mara ya mwisho kusikia mtu ameuza nyumba kijijini ni lini? Huku unaonyeshwa pa kujenga na wazee, unajenga, unazeeka hapo, watoto wanachukua. Bila mauzo hakuna bei ya juzi. Bila bei ya juzi hakuna cha kulinganisha.

Mthamini anabaki na njia mbili. Ahesabu gharama ya kujenga keja kama hiyo leo, atoe uchakavu. Ama akimbilie Malindi, zaidi ya kilomita 100, alete picha za huko.

Hiyo ya pili inaonekana tamu lakini ni noma. Malindi kuna bahari na watalii. Sisi tuna mto, na maji ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 hayakuuliza nani amepiga plasta. Ukikopeshwa kwa bei ya Malindi halafu ukwame, keja itauzwa kwa bei ya huku. Pengo linabaki deni lako. Kwa hivyo usilaani picha ya jirani. Ikiwa ya kweli, inakulinda wewe kabla ya kulinda benki.

Karatasi ndiyo ngoma

Hata picha zikipatikana, benki itauliza taito. Sehemu kubwa ya Tana River ni ardhi ya jamii. Ile ambayo haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kujisajili na kupata hatimiliki, lakini ni ya wote, si ya mtu mmoja. Kuuza kunahitaji theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali.

Kijana anayetaka mkopo ataona hiyo ni jela. Mimi naona pia ni kufuli. Bila hiyo, mjanja mmoja angeweka rehani shamba la kijiji usiku, asubuhi mko mnadani.

Basi ufanye nini?

Mikutano ya kusajili ardhi ikiitishwa, usiwaachie wazee peke yao. Enda, hakikisha jina lako limeandikwa, na la dadako pia.

Weka risiti za saruji na mabati. Piga picha za ujenzi zenye tarehe, na za mahali maji yalifika. Mthamini akija kuhesabu gharama, hizo ni ushahidi.

Na kumbuka nyumba si dhamana pekee. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inakubali ng'ombe, mazao, hata boda yako. Chama na sacco nazo hukopesha kwa akiba na wadhamini, bila kuuliza jirani ameuza ngapi.

Tusijidanganye kuwa ni Hewani tu. Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba benkini ni kama elfu 30 tu. Lakini Nairobi wanalia bei iko juu. Sisi bado tunatafuta bei iko wapi.