Kusafisha Mahakama kwa Haki

Baba wa nyumba akifariki na kuacha nyumba moja, kishamba cha minazi na watoto wa mama wawili, jamaa hukusanyika wakasoma hitima, kisha huanza kuulizana juu ya mirathi. Wakipatana, alhamdulillahi. Wasipopatana, hawana budi kwenda kwa kadhi. Hapo ndipo mjane anapotambua kwamba mambo ya mahakama si ya mawakili na wanasiasa peke yao. Kadhi akiwapo na akaijua kazi yake, kila mrithi atapata fungu lake. Lakini kiti kikiwa kitupu, au anayekikalia akiwa mtu wa kutaka kitu kidogo, mayatima watakuwa watu wazima na shamba halijagawanywa. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jinsi mahakama za Kenya zilivyotengenezwa upya, na juu ya funzo moja tulionalo humo.

Tuanze na mpango wenyewe. Zamani za ukoloni mahakama ziligawanywa kwa kabila na dini: Waafrika walikuwa na mabaraza yao, na Waislamu wa pwani walihukumiwa na maliwali, mamudiri na makadhi. Mwezi wa Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua, na moja katika ahadi zilizomo ni kwamba mahakama za makadhi zitadumu kwa ajili ya Waislamu. Mwaka 1967 zikatungwa sheria za kuziweka mahakama za chini katika mpango mmoja, na sheria ya makadhi ikatoka mwaka huo huo.

Katiba iliyoanza tarehe 27 Agosti 2010 iliujenga mpango huo upya. Juu kabisa iliwekwa Mahakama ya Juu yenye majaji saba, nayo haikuwapo kabla ya hapo. Chini yake ipo Mahakama ya Rufani. Kisha Mahakama Kuu, pamoja na mahakama za daraja yake zinazohusika na mambo ya kazi na mambo ya ardhi. Na chini yake mahakama za mahakimu, za makadhi na za kijeshi. Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye.

Mpango huu ni mzuri. Lakini jengo halihukumu. Anayehukumu ni mtu. Mwaka 1988 Katiba ya zamani iligeuzwa, majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, na kinga hiyo haikurudishwa mpaka mwaka 1990. Je, jaji anayejua kwamba kesho aweza kufukuzwa atamhukumu mkubwa sawasawa na mdogo? Wenye moyo huo wapo, lakini ni wachache.

Kisha mwaka 2003 Serikali mpya iliazimia kuing'oa rushwa katika mahakama. Kamati ilichunguza, na mwezi wa Oktoba majaji 23 na mahakimu 82 wakatajwa kuwa na makosa. Nia ilikuwa njema, na watu wengi walifurahi. Lakini majina yalienea magazetini kabla ya wenyewe kupata nafasi ya kujibu. Wengi waliondoka kimya kimya. Katika wale waliosimama kujitetea, wako walioonekana hawana hatia wakarudi kazini. Aibu waliyoionja, wao na watoto wao, nani awezaye kuifuta? Wazee wetu walisema, msema pweke hakosi. Na dini yetu humkataza kadhi kutoa hukumu kabla ya kuwasikiliza wote wawili. Ikiwa haki hiyo ni ya mwizi wa kuku, kwa nini isiwe ya jaji?

Funzo hilo halikupotea. Mwaka 2011 ilitungwa sheria ya kuwapima upya majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini kabla ya Katiba mpya. Iliundwa bodi ya watu tisa, watatu wao wakiwa wageni kutoka nchi nyingine. Aliyeitwa alielezwa malalamiko yaliyoletwa juu yake, akajibu, na uamuzi ukatolewa pamoja na sababu zake. Mwezi wa Aprili 2012 majaji wanne wa Mahakama ya Rufani walionekana hawafai. Kazi hiyo haikukosa lawama, lakini aliyeondolewa aliondolewa baada ya kusikilizwa.

Tena, kumwondoa asiyefaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumweka anayefaa, na kumweka kwa wakati wake. Siku hizi anayetaka kuwa jaji huomba, huhojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, kisha jina lake hupelekwa kwa Rais. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina 41. Rais hakuyapitisha mpaka Juni 2021, alipowateua 34. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na sita waliachwa mpaka Septemba 2022, walipoteuliwa na Rais aliyemfuata. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na matumbo yaliyoumia ni ya wenye mashauri, si ya wakubwa waliovutana.

Basi sisi yatupasaje? Kwanza, tusidhani kwamba rushwa ni dhambi ya anayepokea tu. Anayetia mkono mfukoni ili shauri lake litangulie, ndiye anayemharibu hakimu. Pili, kila nyumba na iweke vema hati za ndoa, za talaka na za mali, ili kadhi apate la kushika. Tatu, Katiba yataka kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria za Kiislamu. Lakini rufani ya hukumu yake huenda Mahakama Kuu, kwa hiyo anahitaji pia kuzijua sheria za nchi na kuandika hukumu itakayosimama. Wazazi wenye kijana mwerevu na mwaminifu, msimnyime mojawapo ya elimu hizo mbili. Huenda siku moja mjane asiyemjua akaketi mbele yake na karatasi zake mkononi, akingoja haki ya wanawe.

Mwenyezi Mungu atujalie mahakimu waadilifu, na atufanye sisi wenyewe tuwastahili. Amin.