Biashara ya Kujuana

Bidhaa za China zimejaa madukani Bukoba, lakini desturi za biashara za Wachina wachache wetu wazijua. Kwa desturi yao, mtu hapendi kuuziana na asiyemjua. Kwanza watakula pamoja na kupeana zawadi. Maneno ya bei yaja baadaye. Kujuana huko wakuita gwanshi. Mzungu huanza na karatasi, na atakayeivunja atajibu mahakamani. Tusipite kiasi: Wachina nao walitunga sheria moja ya mikataba mwaka 1999, na Mzungu naye humpendelea mteja wake wa siku nyingi. Tofauti ni kipi kitangulie.

Sisi tusiwashangae. Wazee wetu walipofunga undugu wa omukago, kila mmoja alitafuna buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Kumtupa mwenzio baada ya hapo ilikuwa aibu kubwa. Kahawa yenyewe ndiyo iliyokuwa mkataba!

Sasa tazama butura. Mtoto yu mgonjwa, na kahawa ingali mbichi mtini. Waenda kwa jirani mwenye fedha. Hakuna mizani wala karatasi. Akupa fedha leo. Msimu ukifika, achuma kahawa yote ya mibuni ile, kwa bei ambayo siku nyingine ungeikataa. Serikali imekataza butura, wala haijakwisha. Kwa nini? Jirani hutoa fedha siku ile ile ya shida, na ushirika hungoja kahawa ifike mizanini. Viongozi wa vyama wasilipuuze neno hilo.

Lakini jirani huyo asijifiche nyuma ya ujirani. Hata katika gwanshi, fadhili hulipwa kwa fadhili, na anayemkamua rafiki yake hupoteza heshima mbele ya wote wanaojuana naye. Huku kwetu, tena, twamwita tajiri!

Ukikwama, mwambie hivi: “Nikopeshe fedha, nitakurudishia fedha pamoja na ziada tutakayopatana. Kahawa nitaipeleka mwenyewe chamani.” Kisha andikeni kiasi na siku ya kulipa, nakala mbili, kila mtu yake. Akinuna kwa kuwa umetaja karatasi, usitie sahihi wala dole gumba kwa lolote siku hiyo. Na mkeo awepo mnapoandikiana, maana mibuni ile yeye pia ameipalilia.