Unene wa Glavu Hauzuii Upepo

Ukipita Njombe mjini mwezi wa Juni kabla jua halijachomoza sawasawa, utawakuta vijana wa bodaboda wamejikunyata vijiweni, boshori zimeshushwa hadi kwenye nyusi, na mikononi wamevaa madude. Sina neno jingine la kuyaita. Ni zile glavu za kuchezea kwenye theluji zilizoingia na marobota ya mitumba, kila kidole kimevimba utadhani kimeng'atwa na nyuki. Muulize mwenye nazo kwa nini kachagua hizo, jibu ni lile lile kuanzia Makambako hadi Makete, na ukivuka mpaka wa Kenya ukafika Limuru au Nyahururu utalikuta limetangulia: glavu nene ndiyo yenye joto.

Si kweli. Na kwa mtu anayeendesha pikipiki, imani hiyo inamgandisha vidole na pia inaweza kumwangusha.

Najua inakotoka. Blanketi nene linashinda shuka, kwa hiyo glavu nene nayo lazima ishinde nyembamba. Lakini aliyejifunika blanketi yuko kitandani, hewa ya chumba imetulia, na mikono yake haifanyi kazi yoyote. Dereva wa bodaboda ametanguliza mikono mbele ya mwili mzima, ndani ya upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo wake, huku amekamata usukani saa nzima bila kuuachia. Upepo na kule kukamata ndiko kunakoiharibu hesabu yote ya unene.

Tuuanze huo upepo. Marekani na Kanada wana kanuni waliyoanza kuitumia mwaka 2001 kukadiria jinsi upepo unavyozidisha makali ya baridi kwenye ngozi iliyo wazi. Ukiitumia kwa mazingira yetu, alfajiri ya nyuzi 10 na pikipiki ikikimbia kilomita 60 kwa saa, ngozi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 5. Ikiwa hewa yenyewe ni nyuzi 5, jambo ambalo kwa watu wa Makete si habari ya kutangazwa redioni, mwendo huo huo unakushusha karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Bado hujapanda mlima. Kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana anayetoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, akaikwea ile njia ya kona wanayoiita Hamsini na Saba kwenda Matamba na Kitulo, huanza safari akitokwa jasho na kuimaliza meno yakigongana.

Sasa, kinachotia joto ndani ya glavu si ule unene wenyewe. Ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, ikatulia na kupashwa joto na mkono. Upepo ukipenya unaikumba hewa hiyo na kuleta nyingine ya baridi, na mkono unaanza upya kazi ya kuipasha. Glavu ya kufumwa, hata iwe nene kama godoro, ina matundu kila inapopita sindano. Ngozi laini iliyoshonwa vizuri au kitambaa kilichosokotwa kwa kubana, chembamba tu, kikiwekewa bitana ya sufu ndani, kinaishinda mchana kweupe. Kuhakikisha si kazi: iweke mdomoni pale pale sokoni, ziba upande wa kuingizia mkono, puliza kwa nguvu. Ukihisi pumzi yako inatokea vidoleni, irudishe kwenye fungu.

Kule kukamata nako wauzaji hawakusemi. Ukifumba mkono kwenye usukani, sponji yote ya upande wa kiganja inabonyea na kuwa kama karatasi, hewa yake inatoka, unabaki umeshika chuma na mpira wa baridi. Unene uliolipia pesa umebaki mgongoni mwa mkono. Huko nako mambo si mazuri: glavu nyingi hizi zimeshonwa vidole vikiwa vimenyooka, hivyo ukivikunja kitambaa kinavutwa juu ya vifundo, kinaukandamiza ule ujazo, kinabana na mishipa ya damu. Kidole kilichobanwa hakipati damu, na kidole kisichopata damu hakina pa kupata joto, kwa sababu glavu haizalishi joto lolote. Inalinda lile unaloliletea. Glavu za waendesha pikipiki hushonwa vidole vikiwa vimekwishapinda kidogo, na hiyo ni alama ya kutafuta kwenye fungu kabla hujatazama kitu kingine. Kama ipo inayokubana na nyingine iliyoachia kidogo, chukua iliyoachia.

Hapo tumezungumzia starehe. Kuna na uhai. Mkono wa kulia wa dereva unashika mafuta na breki ya mbele, wa kushoto klachi. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki na wa abiria unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kusimama. Breki hiyo inataka kidole kinachojua kimekamua kiasi gani. Kilichozungushiwa sponji hakijui. Kinakamua kidogo, pikipiki haisimami. Kinaongeza, tairi la mbele linajifunga, na kwenye vumbi jekundu lililolowa ukungu dereva, abiria na gunia la viazi wote wako chini. Kuna glavu nene kiasi kwamba kidole kikiwa kati ya breki na usukani hakiachi nafasi ya breki kuvutwa hadi mwisho. Nikiona kijana ameivaa hiyo, kwa kweli natembea kwa miguu.

Mtetezi wa unene akibanwa hukimbilia hoja moja: mbona Wazungu, wanaoijua baridi, wanazivaa? Wanazivaa, ndiyo, wakiwa wanateleza kwenye theluji na fimbo mbili mikononi. Fimbo haina breki. Na wenzetu hao wametumia pesa nyingi sana kuukimbia unene tunaousifia. Geuza glavu ya mtumba uangalie kile kilebo cha ndani. Mara nyingi utakuta neno Thinsulate, bidhaa ya kampuni ya 3M ya Marekani, na pembeni yake namba kama 40 au 100. Namba hiyo ni uzito wa ujazo kwa gramu katika kila mita moja ya mraba, na sifa yake ni kwamba nyuzi zake ni nyembamba mno, zinanasa hewa nyingi mahali padogo. Au utakuta Gore-Tex, utando uliotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa mwaka 1969, mwembamba, unaozuia upepo na maji ya mvua lakini unaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Glavu yenye lebo hizo inaweza kuwa nyembamba kuliko ya jirani yake na ikaizidi joto. Lakini muuzaji anakupa ile nyingine, anaiminya kati ya vidole viwili mbele ya uso wako: "Shika mwenyewe kaka, ona ilivyoshiba." Na wewe unaminya, unatikisa kichwa, unatoa pesa.

Twende mbele kidogo ya glavu yenyewe. Mwili ukianza kupoa, jambo la kwanza unalofanya ni kubana mishipa ya damu ya vidole vya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki kuhudumia moyo, ubongo na viungo vya ndani. Vidole hutolewa kafara mapema kabisa. Dereva mwenye glavu ya bei mbaya na koti lililoharibika zipu atagandishwa vidole na kulaumu glavu, wakati aliyeiba joto alipita kifuani. Zipu ya koti na kitambaa cha shingoni vina faida kwa vidole kuliko sentimita moja ya sponji. Na mkono wa mbele, kati ya kiwiko na kifundo, usisahauliwe: vidole vyenyewe havina misuli, vinavutwa na misuli iliyo huko juu, hivyo sehemu hiyo ikipoa, nguvu ya kukamata klachi inapungua hata kama vidole viko kwenye moto. Soksi kuukuu ya sufu, ukikata sehemu ya unyayo ukavaa iliyobaki kwenye kifundo cha mkono, inaziba lile pengo kati ya glavu na koti ambalo upepo unalipenda sana.

(Wale wa kupasha mwili kwa pombe kali, viroba, ile pombe ya vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2017 lakini tabia ilibaki na chupa ndogo. Pombe inafungua mishipa ya kwenye ngozi, unasikia moto kwa muda, na moto huo ndio unaokutoka. Sitaji hata suala la kuendesha ukiwa umelewa.)

Kisha maji. Msimu wa baridi wa nyanda zetu una manyunyu na ukungu unaolowesha taratibu, na maji yanapitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Pamba ikilowa ni adui. Sufu ikilowa bado inabakiza joto kiasi. Glavu nene ndiyo inayolowa vibaya zaidi, maana ina mahali pengi pa kuhifadhi maji, na asubuhi ya pili unaivaa ikiwa bado mbichi. Kuna na balaa jingine wanalolijua wahusika: unafika, unaivua kwa mkono uliolowa ili umrudishie abiria chenji, bitana yote inatoka nje na vidole vyake vimejisokota, na kuirudisha ndani utatumia kalamu, kijiti na matusi. Kwa hiyo kabla ya kununua, ingiza mkono, uchomoe kwa haraka, utazame kama bitana imeshonewa hadi kwenye ncha za vidole. Ukiwa umeivaa, jaribu kuokota sarafu ya shilingi 200 mezani kwa muuzaji. Ukishindwa kuiokota, breki nayo itakushinda. Na siku ya mvua ingiza mdomo wa glavu ndani ya mkono wa koti, vinginevyo maji yanayoteremka kwenye mkono wa koti yatapata mfereji wa kuingilia.

Ajabu ni kwamba dawa nzuri kuliko zote iko barabarani, na wapo wanaoiona kama ushamba. Ni vile vifuniko vya usukani, mifuko mikubwa inayofungwa kwenye pikipiki yenyewe, mkono unaingia ndani na kukuta mafuta, breki na swichi vyote viko humo. Warusi na Wachina wa majimbo ya kaskazini wanavitumia. Fundi wa viti vya magari anaweza kukushonea kwa turubai na kipande cha blanketi kwa saa chache. Upepo unagonga kifuniko, mvua inagonga kifuniko, na mkono ulio ndani unatoshwa na glavu nyembamba ya ngozi, inayohisi kila kitu na inayokulinda kiganja ukianguka kwenye lami, kazi ambayo glavu ya kufumwa haiiwezi.

Kinachosemwa dhidi yake ni kwamba mkono unanasa ukitaka kuuchomoa ghafla. Hoja hiyo ni ya maana, lakini kosa ni la fundi. Mwambie mdomo wa kifuniko uwe mpana na uwekewe waya au kipande cha mpira wa tairi ili usilale, kusiwe na lastiki ya kubana kifundo, na kitambaa kisiguse breki wala kuivuta unapokata kona hadi mwisho. Kabla hujamlipa, keti juu ya pikipiki ikiwa imesimama, geuza usukani kushoto na kulia, kamua breki, chomoa mikono yote miwili kwa mpigo. Ikigoma kutoka, mwachie akashone upya.