Ardhi Isiyojengwa Haijalala

Kila panapojadiliwa ugawaji wa viwanja mjini Gitega, husikika kauli kwamba nchi ndogo yenye watu wengi haina ardhi ya kuchezea, na kwamba eneo lisilojengwa ni eneo lililolala. Tangu Gitega ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwishoni mwa mwaka 2018, kauli hiyo imegeuka imani, na sasa imeanza kudai sadaka.

Ukweli ni kinyume chake. Udongo wenye miti na nyasi hunywa maji ya mvua, ilhali bati na saruji huyamwaga yote kwa mkupuo. Na katika mji wa vilima, maji hayo hushuka yakichimba makorongo, yaani mitaro mirefu inayokatwa na mmomonyoko, hadi chini ya misingi ya nyumba. Bujumbura ililipa gharama hiyo usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yaliyotoka milimani yalipoua watu zaidi ya 60 katika vitongoji vya kaskazini. Ardhi inayodaiwa kulala ndiyo inayokesha usiku wa mvua.

Wapo wanaodai kwamba mji wa Muyinga nao hauhitaji bustani kwa kuwa uliokuwa mkoa wa Muyinga uligusa Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, yenye hekta zipatazo 50,800. Kana kwamba mvua inayopiga mabati ya mjini itafunga safari hadi kwa nyati ikatafute pa kunywewa. Wengine huogopa kwamba miti huficha wezi, ingawa wezi wakubwa wa mali ya umma hawajawahi kuhitaji kichaka, kwa maana ofisi huwatosha.

Linaloudhi zaidi ni unafiki. Taifa lilishangilia mwaka 2014 UNESCO ilipoziorodhesha ngoma za kifalme, zile zinazopigwa Gishora, jirani na Gitega. Lakini ngoma hizo huchongwa kwa mti wa umuvugangoma, na mti huo hauoti juu ya zege.

Msitu wa Karura jijini Nairobi upo leo kwa sababu mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliwakabili wanyakuzi mwaka 1999, kabla majengo hayajasimama. Basi mabonde, kingo za mito na vilele vya Gitega na Muyinga vipimwe na kuandikishwa kuwa mali ya umma kabla ya kiwanja kingine kuuzwa. Watu wakiongezeka, nyumba zaweza kupanda ghorofa. Bonde likishajengwa halirudi.